Nilimwambia Avumilie

Jumamosi moja ya Desemba iliyopita, wiki ya kwanza ya likizo, binti yangu alikuwa amekaa kwenye kigoda kibarazani, kichwa kimebanwa katikati ya magoti ya dada msusi. Ana miaka 8. Shuleni kwao rasta haziruhusiwi, mwaka mzima ni twende kilioni, kwa hiyo rasta za likizo huwa anazihesabia siku tangu Oktoba.

Mimi nilikuwa sebuleni nachambua mchele. Nikamsikia: "Mama, inauma."

Nikajibu bila kuinua macho kwenye ungo. "Vumilia, mwanangu. Ukitaka uzuri sharti udhurike."

Dada msusi akacheka kidogo, akachovya vidole kwenye mafuta, akaendelea. Mtoto akanyamaza.

Usiku hakulala. Akigeukia kushoto anaamka, akigeukia kulia anaamka. Nikawasha taa nikamtazama. Nyusi zilikuwa zimevutwa juu kama za mtu aliyeshtushwa, na kwenye mpaka wa uso na nywele, kuanzia panja hadi panja, kila shina la rasta lilikuwa limeota kipele kidogo chenye ncha nyeupe. Nikampaka mafuta ya nazi. Nikampimia kijiko cha Panadol ya watoto, nikamwambia kesho zitalegea.

Nilimpa mtoto dawa ya maumivu kwa sababu ya nywele.

Na mimi niliyeshika kijiko hicho, wigi langu lilikuwa limetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango wa chumba changu. Chini ya kitambaa nilichojifunga usiku huo, utosini, kuna sehemu pana kama kisahani cha chai ambayo haijaota hata unywele mmoja kwa miaka.

Wiki nyingi zimepita. Ile "vumilia" bado inanirudia nikiwa jikoni, nikiwa kwenye daladala, nikiwa kanisani. Naandika kwa sababu nimeshindwa kuiacha ipite.

## Utosi

Kwangu ilianza na joto. Si kule kuwashwa kwa mba, ambako ukijikuna unasikia raha. Ilikuwa kama mtu ameweka kaa dogo utosini kisha akalifukia kwa majivu. Ukigusa, ngozi inauma kama jipu linalokaribia kuiva, ila jipu hulioni. Huo ni mwaka 2015, nina miaka 32.

Sikushtuka, kwa kuwa kichwa changu kilikuwa kimeshazoea kuuma. Wenzangu wa rika langu mnaijua safari yenyewe. Sekondari tunanyoa. Tukimaliza kidato cha nne tunaanza kuzilea, na siku zikishikika tu kwenye kitana tunakimbilia dawa ya kulainisha nywele. Dawa ikianza kuunguza unaambiwa ngoja kidogo ishike. Ukitoka na kidonda nyuma ya sikio, wenzako wanakuambia imeshika vizuri. Kidonda hakijapona sawasawa, rasta zinasukwa juu yake, kwa sababu kuna harusi Jumamosi.

Nilijifunza kuyapokea maumivu ya kichwani kama habari njema.

Mwaka 2018, kwenye send-off ya mdogo wangu, mpiga picha alipanda juu ya kiti ili atupate wote. Picha zilipokuja nilijitafuta, nikajiona, nikaona kitu kinang'aa katikati ya kichwa. Nikadhani ni taa ya ukumbini. Nikaikuza picha kwa vidole viwili, nikaikuza tena. Ilikuwa ngozi.

Nikaenda kwa dada msusi, yuleyule aliyenisuka miaka yote.

"Dada, ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Mwaka juzi." Alikuwa anapanga rasta kwenye nailoni, hakusimamisha mikono. "Nilikuwa nahamisha njia. Nakata njia pembeni, nazilaza juu yake, hapaonekani. Dada yangu, ukimwambia mteja nywele zinaisha anajua una mkono mbaya. Harudi."

Niliondoka pale na donge kooni. Ilinichukua muda kukumbuka kwamba mwaka 2014 aliwahi kuniambia, "Tuzipumzishe kidogo hizi," nami nikamjibu nina kitchen party mbili mwezi ule, akaze tu.

## Vitunguu, karafuu, nyonyo

Hapa sitakaa sana, maana kila mwanamke aliyepita huku ana orodha yake. Nilipaka maji ya kitunguu mpaka mito ikanuka. Nilipaka maji ya karafuu, maji ya mchele, mafuta ya nyonyo, mwarobaini uliopondwa. Kwenye zahanati moja waliniambia ni mapunye, nikameza vidonge vya fangasi miezi mitatu. Shangazi alinivuta pembeni akaniuliza kwa upole nywele zangu za chanuo huwa nazitupa wapi. Sikumcheka. Nyumbani tumekua tukizichoma jikoni au kuzifukia, tukiambiwa ndege akizijengea kiota kichwa hakitaacha kukuuma.

Nilichopoteza kwenye orodha hiyo ni miezi kumi na minne. Pesa niliishazisahau. Ile miezi bado naihesabu, na mtaona kwa nini.

## Jina lake

Daktari wa ngozi alinikalisha karibu na dirisha, akaweka juu ya utosi wangu lenzi ndogo yenye taa. Alikaa kimya muda. Kisha akaniomba ruhusa ya kuchukua kipande cha ngozi, kidogo kama punje ya mtama, kikapimwe.

Majibu yalipotoka aliniandikia jina refu la Kiingereza, akanieleza kwa Kiswahili: ni upara wa makovu unaoanzia katikati ya kichwa na kutanuka kuelekea nje. Unawapata zaidi wanawake wenye asili ya Afrika, mara nyingi kuanzia umri wa miaka 30 hivi. Ndani ya ngozi vinyweleo vinavimba, vinaharibika, na kila kinapokufa kinyweleo mwili unaziba nafasi yake kwa kovu. Ndiyo maana panang'aa. Ile ngozi nyororo niliyodhani ni safi ilikuwa kovu.

"Zitarudi lini?" nikauliza.

"Hapa palipong'aa hazirudi, mama. Kazi yetu ni kuuzuia usiendelee kula pembeni."

Nilikuwa nimemletea picha yangu ya mwaka 2013. Nikairudisha kwenye pochi.

Nataka hapa nieleweke vizuri, maana wanawake wengi tunachanganya mambo haya na tunapeana dawa za mambo tofauti. Nywele zinazomwagika miezi mitatu hivi baada ya kujifungua hurudi zenyewe. Zile zinazotoka kwa mabakamabaka ya duara, ghafla, bila kovu, ni kinga ya mwili inayoshambulia vinyweleo, na vinyweleo hivyo bado viko hai. Zile zinazokatika mbele na kwenye panja kwa sababu ya kuvutwa na rasta, hizo ukiwahi kuacha kuzivuta zinaota tena. Ukichelewa miaka, nazo zinageuka kovu. Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza mtu si "unapaka nini?" Ni kama kinyweleo bado kipo. Hilo kitunguu hakiwezi kukujibu. Tafuta mtaalamu wa ngozi mwenyewe, si kila mwenye koti jeupe. Pale hospitali ya KCMC, Moshi, kipo kituo ambacho tangu miaka ya 1990 kinafundisha wataalamu wa ngozi kutoka nchi nyingi za Afrika, na baadhi yao mtawakuta mikoani kwenu.

Nilianza sindano ndogondogo za stiroidi kuzunguka mpaka wa upara. Zinauma, nasema kweli. Vidonge vya doksisaiklini vya kutuliza uvimbe. Na minoksidili ya kupaka, dawa ambayo ilianza kama kidonge cha presha, wagonjwa wakaanza kuota nywele pasipotarajiwa. Ule moto wa utosini ulipoa ndani ya miezi minne. Nilikuwa nimeishi nao muda mrefu hivi kwamba ulipozimika nilihisi kama nimevuliwa kofia.

Lakini nilitoka na swali ambalo daktari hakulipima kwa lenzi. Je, nimejifanyia mwenyewe?

Nikamuuliza siku nyingine. Akanipa historia fupi ambayo sijaisahau. Mwaka 1968 madaktari wa Marekani waliandika kuhusu ugonjwa huu kwa wanawake Weusi waliokuwa wakinyoosha nywele kwa kitana cha moto. Wakaupa jina: upara wa kitana cha moto. Wakaeleza kwamba mafuta yaliyochemka yanateremka kwenye kinyweleo na kukiunguza. Miaka ikaenda, wakaonekana wanawake wenye upara uleule ambao hawakuwahi kushika kitana hicho. Jina likabadilishwa. Na mwaka huohuo wa 2019 nilipokuwa natibiwa, jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti uliokuta kwamba takriban robo ya wanawake waliochunguzwa wenye ugonjwa huu walikuwa na hitilafu kwenye jeni moja, PADI3, ambayo kazi yake ni kusaidia unywele ujengeke vizuri.

"Kwa hiyo si dawa ya nywele?"

"Dawa na kuvuta vinaweza kuchochea moto ambao kuni zake ulizaliwa nazo," alisema. "Kwenu yupo mwingine?"

Nikamwambia hayupo. Nilijibu haraka sana, kwa uhakika kabisa.

## Kitana cha moto

Mama yangu anajifunga kitambaa. Ndivyo alivyo. Picha zote za utoto wangu, mama ana kitambaa. Akilima, akipika, akienda jumuiya. Ungeniuliza kama nimewahi kuuona utosi wake ningekushangaa kwa swali lenyewe, kama umeniuliza nimewahi kuona figo zake.

Mwaka 2021 tulimzika baba mdogo, Machame. Baada ya mazishi ikafika siku ya kunyoa. Siku hizi wengi wanakatwa kishungi kimoja tu, cha ishara, mambo yanaisha. Lakini kuna wazee wanaotaka wembe upite kichwa kizima. Wanawake walikaa kwenye benchi nje, chini ya mgomba, zamu kwa zamu. Mama hakuwepo. Nikaambiwa yuko ndani, atajinyoa mwenyewe. Nikabeba beseni la maji ya uvuguvugu nikampelekea.

Sikubisha hodi. Mlango wa chumba cha mama hatujazoea kuubishia.

Alikuwa amekaa kitandani, kitambaa kiko magotini, wembe mkononi. Dirisha la chumba kile ni dogo, mwanga wake ulikuwa umemwangukia kichwani. Nywele nyeupe, chache, zilizunguka kama pete. Katikati pote, kutoka karibu na paji hadi kisogoni, palikuwa panang'aa.

"Funga mlango," alisema.

Nikafunga. Nikaweka beseni chini. Nikajifungua kitambaa changu, nikavua na kofia ya neti iliyokuwa chini yake, nikainama mbele yake ili aone.

Sikumsikia kwa muda. Kisha nikahisi kiganja chake, kikavu, kikiwa juu ya utosi wangu.

"Na wewe?"

Tulikaa humo karibu saa nzima, watu wakituita. Aliniambia kwamba mwaka 1979, alipoolewa, walimchoma nywele kwa kitana cha chuma kilichowekwa kwenye jiko la mkaa, mafuta yakichuruzika hadi shingoni, sikio la kulia likaungua. Akaendelea kuzichoma miaka kadhaa kila sikukuu. Utosi ulipoanza kuwaka moto alijua ni kitana. Ulipoanza kung'aa alijua ni kitana. Hakuwahi kumwambia mtu, hata baba.

"Mimi nilijua ni kosa langu," alisema. "Mtu haendi kutangaza kosa lake."

Miaka 40 mama yangu alibeba lawama ambayo madaktari walishaitilia shaka, na hakuna aliyemfikishia habari.

Nilipanda basi la kurudi Dar nikiwa na hasira naye. Nalisema hili hapa ingawa najua atasomewa. Kwa sababu angeniambia tu sentensi moja, "Utosi ukiwasha, mwanangu, usikae nao," mwaka 2015 ningeenda hospitali kaa likiwa bado dogo. Ile miezi kumi na minne ya kitunguu nisingeihesabu. Toka Moshi mpaka Segera nilikuwa nazipanga sentensi za kumlaumu. Karibu na Chalinze wigi lilianza kuniwasha kwa jasho, na sikuweza kulivua kwa sababu kwenye kiti cha pembeni alikuwepo binti yangu, amelala, na nilikuwa nimejiwekea sharti kwamba yeye asinione.

## Upepo wa pantoni

Watu wanaodhani ni suala la urembo tu hawajavuka Kigamboni na wigi.

Upepo wa pale unakuja kwa chini. Unajifunza kusimama upande wa magari, shavu limeelekea maji, mkono mmoja uko juu kama unakinga jua. Unajifunza kwamba wigi la nyuzi la elfu thelathini linakauka kama katani ndani ya wiki sita, na kwamba la nywele za binadamu linaanzia bei ya kiwanja huko kwetu. Unajifunza kuchora nywele za pembeni kwa wanja, na kutogusa panja siku nzima. Unajifunza kumkumbatia mtu ukiwa umerudisha kichwa nyuma. Mtoto wa mwenzako akinyoosha mkono kwenye nywele zako, unamrudisha kwa mama yake huku unatabasamu. Machi, jua la Posta likiwa limesimama, jasho linatiririka kutoka chini ya kofia ya neti hadi kwenye kola, na mtu anakuuliza mbona unatoka jasho hivyo, una malaria?

Kuhusu mume wangu nitasema mstari mmoja. Alikuwa anajua, hakuwahi kuuliza, na mimi nilitamani sana aulize.

Niliwahi kunyoa zote. Miezi minne. Sijawahi kupata raha kama ile ya maji ya bomba kumwagika moja kwa moja kichwani. Ila kwetu mwanamke aliyenyoa anadaiwa maelezo. "Pole, umefiwa na nani?" Hilo ndilo lililokuja kwanza, kazini, siku ya kwanza, na nilishukuru kwamba msiba upo. Mwezi wa tatu msiba ukawa umepitwa na wakati, wakaanza kunitazama mwili kama nimepungua. Sisi tuliokuwa wadogo miaka ya 1990 tunakumbuka nywele za watu waliokuwa wanaondoka. Hakuna anayelisema, lakini jicho linalisema. Nikachoka, nikarudi kwenye wigi.

Rafiki yangu mmoja alitibiwa saratani ya titi pale Ocean Road. Wiki ya tatu ya dripu nywele zilimtoka kwa mafungu, akabaki mtupu. Nikaenda kumsalimia, tukawa wawili chumbani, sote vichwa wazi. Akaniambia, "Zangu zitarudi. Nakuonea huruma wewe." Mtu aliyekuwa anapigania uhai wake alinionea huruma mimi. Sikujua niiweke wapi. Zake zilirudi kweli, laini, zenye mawimbi, na hadi leo ananiuliza kwanza kuhusu kichwa changu kabla sijamuuliza kuhusu kifua chake.

Mnakumbuka Machi 2022, kofi la Will Smith kwenye tuzo za Oscar, alipompiga mchekeshaji aliyemtania mkewe, Jada, kwa kichwa chake kilichonyolewa. Asubuhi ile kwenye kundi letu la kikoba video ilikuwa imeshazunguka mara kumi kabla ya chai. Wakabishana mchana kutwa kama mwanaume alifanya vizuri kumtetea mke. Wanawake ishirini na tatu tuko kwenye kundi lile. Jada Pinkett Smith alikuwa ameshasema hadharani tangu 2018 kwamba nywele zinamtoka. Ayanna Pressley, mbunge wa Marekani, alivua wigi mbele ya kamera Januari 2020. Kwetu, katika ujumbe wote ule, hakuna hata mmoja aliyeandika neno kuhusu kichwa cha yule mama. Na najua si mimi peke yangu. Tukikaa vikao, natambua mkono unaopanda mara kwa mara kurekebisha kilemba ambacho hakijalegea. Nilikaa na simu mkononi, nikaandika sentensi, nikaifuta.

## Sentensi ile ilikotoka

Kwa hiyo nilikuwa najua. Hilo ndilo linaloniumiza. Desemba iliyopita sikuwa mwanamke asiyejua. Nilikuwa na jina la ugonjwa, nilikuwa na mama yangu, nilikuwa na swali la daktari, "Kwenu yupo mwingine?", ambalo sasa lina jibu, na jibu hilo linamhusu mtoto aliyekuwa kwenye kigoda. Na bado nilisema vumilia.

Nimelichunguza neno lile kama mtu anayechambua mchele wake. Nilichokuta ni hofu. Kesho yake tulikuwa tunakwenda kwa wifi, na mtoto ambaye hajasukwa vizuri husemwa kwa jina la mama yake. Niliogopa kusemwa kuliko nilivyoogopa vipele. Hakuna namna nzuri zaidi ya kulisema.

Na kuna kitu kingine, cha pesa. Jumatatu nilimpigia dada msusi aje azifumue. Alinuna, na alikuwa na haki: saa nne za kazi. Nikamlipa tena, tukakaa wote kibarazani tukifumua, yeye upande huu mimi upande huu, kwa mkia wa kitana. Nikamuuliza kwa nini alikaza vile kichwa cha mtoto.

"Dada, nikilegeza, utarudi wiki ijayo kusema zimefumuka. Umenilipa elfu ishirini na tano unataka zikae mwezi. Wote mnataka zikae mwezi. Mkono wangu unasifiwa kwa kukaza."

Hakukosea. Ule mkazo tunaununua. Tunagawanya bei kwa siku, na kila siku tunayoiongeza inalipwa na ngozi.

Nikamsimulia kuhusu Profesa Nonhlanhla Khumalo wa Chuo Kikuu cha Cape Town, ambaye yeye na wenzake walichunguza vichwa vya watu wazima kule mjini kwao, wakachapisha mwaka 2007: karibu theluthi moja ya wanawake walikuwa na upara wa kuvutwa. Mwaka uliofuata wakaonyesha kwamba hatari kubwa ni kuvuta nywele ambazo tayari zina dawa, na kwamba waliowahi kupata maumivu, vipele au magamba baada ya kusukwa ndio walioonekana zaidi na upara huo. Vipele vile vyeupe. Alivisikiliza mikono ikiwa imesimama, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu.

"Mimi huwa navipaka spiriti," alisema.

Halafu akaniambia kitu ambacho nimekifikiria kuliko utafiti wote. Alisema katika kazi yake watoto wadogo kabisa, wa miaka mitatu, minne, wakiumia wanaruka kwenye kigoda wanakimbia. Wakifika saba, nane, hawakimbii tena. Wanashika goti lake na kulibana.

Binti yangu alikuwa amelibana. Nilikuwa sebuleni, sikuona.

Jioni ile, rasta zote zikiwa kwenye mfuko, nilimwita chumbani. Nilikaa kitandani, nikajifungua kitambaa. Sikuwa nimepanga maneno. Akaja akazunguka nyuma yangu, akatazama, akaweka kidole pale katikati, akakizungusha taratibu kufuata mpaka. Kidole cha mtoto kina joto.

"Inauma?"

"Sasa haiumi."

"Na wewe ulikuwa unaambiwa uvumilie?"

Nikasema ndiyo. Akaniuliza ni nani aliyekuwa ananiambia. Nikafungua mdomo nikakuta siwezi kumtaja mtu mmoja.

## Hujakaza

Shule zimefunguliwa. Kila Jumapili jioni namsuka mwenyewe, twende kilioni, mistari minane. Mkono wangu si wa msusi. Njia zinapinda, mkia mmoja unakuwa mnene kuliko mwenzake. Nimejiwekea kwamba nyusi zikisogea nasimama.

Jumapili iliyopita nilimaliza, nikamfuta mafuta kwenye paji, nikamwambia nenda kioo. Alienda, akatikisa kichwa kulia, akatikisa kushoto, akarudi uso umekunjamana.

"Mama, hujakaza. Haziumi hata kidogo. Hazitakaa."

Nikamwambia zikifumuka tutasuka tena Jumatano.

Akafikiri. Akakaa tena kwenye kigoda, akanipa mgongo, akashika goti langu.

"Basi kaza huu mmoja tu wa mbele, ndio unaonekana."

Nikaufumua ule wa mbele. Nikausuka tena, vilevile.